Makundi ya Ulemavu na Haki ya Elimu Maalumu Marekani: Mwongozo Kamili wa Mzazi

Mzazi anapotoka hospitalini na karatasi ya daktari inayosema kwamba mwanawe ana usonji, kifafa, au ADHD, yaani ile hali ya mtoto kukosa umakini na kushindwa kutulia, huamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Anaipeleka karatasi shuleni, anasubiri, na baada ya wiki kadhaa anaambiwa kwamba mtoto hastahiki elimu maalumu. Wazazi wengi hulipokea jibu hilo kama dharau kwa daktari, au kama ushahidi kwamba shule haimtaki mtoto wao. Kuna nyakati ambapo shule huwa imekosea kweli, na nitaeleza la kufanya. Lakini kuna nyakati nyingine ambapo mzazi amepeleka jibu la swali la hospitali mahali ambapo swali linaloulizwa ni jingine kabisa.

Mwongozo huu unahusu shule za umma za Marekani, na unaeleza jinsi makundi ya ulemavu yaliyotajwa katika sheria ya nchi hiyo yanavyoamua ni mwanafunzi gani anastahiki elimu maalumu. Nimeuandika nikimfikiria mzazi anayezungumza Kiswahili, ambaye huitwa kwenye kikao, akakuta watu sita au saba wameketi mezani, na akapewa karatasi nyingi za kutia sahihi kabla hajaelewa hata nusu ya yaliyosemwa.

Hatua ya kwanza: yafahamu maswali mawili ya sheria

Sheria inayotawala jambo hili inaitwa IDEA (Individuals with Disabilities Education Act), yaani Sheria ya Elimu ya Watu Wenye Ulemavu. Chimbuko lake ni sheria iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975, wakati ambapo watoto wengi wenye ulemavu walikuwa wakinyimwa nafasi katika shule za umma bila kificho. Ilipewa jina la IDEA mwaka 1990, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1997 na 2004. Inamhakikishia mtoto mwenye ulemavu anayestahiki, kuanzia umri wa miaka 3 na kwa kawaida hadi 21, elimu ya umma inayomfaa, bila malipo. Walio chini ya miaka 3 wana utaratibu wao katika sheria hiyo hiyo. Leo zaidi ya wanafunzi milioni 7 wanahudumiwa chini yake.

Ili mtoto astahiki, maswali mawili lazima yajibiwe, na yote mawili yawe na jibu la ndiyo. La kwanza ni hili: je, mtoto ana ulemavu unaoingia katika mojawapo ya makundi 13 yaliyotajwa na sheria? La pili: je, kwa sababu ya ulemavu huo, anahitaji elimu maalumu, yaani ufundishaji uliorekebishwa kwa ajili yake, katika maudhui, mbinu au namna ya kumfikishia somo?

Mfano utaonyesha kwa nini yote mawili ni ya lazima. Mtoto mwenye kisukari anayefanya vizuri darasani, ambaye anachohitaji ni muuguzi wa kumpima sukari na ruhusa ya kula nje ya saa za chakula, ana ulemavu uliotajwa, lakini hahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Swali la pili limejibiwa hapana. Kwa upande mwingine, mtoto wa miaka 11 aliyekaa kambini miaka minne bila shule, ambaye hajui kusoma kwa sababu hakufundishwa, anahitaji msaada mkubwa sana, lakini kukosa shule si ulemavu. Hapo ni swali la kwanza lililojibiwa hapana. Huyu wa pili ana haki ya kusaidiwa kwa njia nyingine, na kumwingiza katika elimu maalumu ili apate mwalimu wa ziada ni kumbandika jina lisilo lake.

Katika fasili nyingi za makundi hayo kuna sharti jingine lililofichwa ndani: ulemavu uwe unaathiri vibaya elimu ya mtoto. Shule nyingine hulisoma sharti hili kana kwamba linahusu alama za mitihani peke yake. Sivyo. Kanuni za serikali kuu zinasema wazi kwamba mtoto anaweza kustahiki hata kama hajafeli somo lolote na anapanda darasa kila mwaka. Mtoto anayepata alama nzuri kwa sababu mama yake humfundisha upya kila somo hadi saa tano usiku bado anaweza kuwa na ulemavu unaoathiri elimu yake, na mzazi asione aibu kulieleza hilo mbele ya kikao.

Hatua ya pili: tambua mtoto wako anaangukia kundi lipi

Makundi yenyewe ni haya: usonji, uziwi pamoja na upofu, uziwi, usikivu hafifu, ulemavu wa kuona, ukiwamo upofu, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, ulemavu zaidi ya mmoja, matatizo ya kihisia, matatizo mengine ya kiafya, ugumu mahususi wa kujifunza, matatizo ya usemi na lugha, na jeraha la ubongo. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza kundi la ucheleweshaji wa makuzi kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, au sehemu ya umri huo. Kundi hili lina faida yake, kwani linamwezesha mtoto mdogo kusaidiwa mapema kabla wataalamu hawajawa na hakika ya jina hasa la tatizo lake. Mzazi akumbuke tu kwamba umri huo ukipita, mtoto atalazimika kustahiki chini ya kundi jingine.

Baadhi ya makundi hayahitaji maelezo marefu. Uziwi hutofautiana na usikivu hafifu kwa ukali: mtoto kiziwi hawezi kuyapokea mazungumzo kwa njia ya masikio hata akivaa kifaa cha kusaidia kusikia. Ulemavu wa kuona hupimwa mtoto akiwa amevaa miwani. Miwani ikimaliza tatizo, hakuna ulemavu wa kisheria. Ulemavu wa viungo unajumuisha ule wa kuzaliwa nao, ule unaotokana na maradhi kama polio, na ule wa sababu nyingine kama mtindio wa ubongo au kukatwa kiungo. Jeraha la ubongo ni lile lililosababishwa na nguvu ya kutoka nje, kwa mfano ajali ya gari au kuanguka. Halihusu madhara aliyoyapata mtoto wakati wa kuzaliwa, na wazazi wengi hukosea hapo. Matatizo ya usemi na lugha ni pamoja na kigugumizi, matamshi yasiyoeleweka na udhaifu wa kuelewa au kutumia lugha.

Ugumu mahususi wa kujifunza unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo kundi lenye wanafunzi wengi kuliko yote: takriban thuluthi moja ya wanafunzi wote wa elimu maalumu. Humu wanaingia watoto wenye akili na bidii ambao kusoma, kuandika au hesabu kunawashinda kwa namna isiyolingana na uwezo wao mwingine. Sheria inataja maeneo nane ya kuangalia: kujieleza kwa mdomo, kuelewa unaposikiliza, kujieleza kwa maandishi, stadi za msingi za kusoma, kusoma kwa ufasaha, kuelewa unachosoma, kukokotoa, na kutatua mafumbo ya hesabu. Udhaifu katika eneo moja unatosha.

Kwa miaka mingi shule zilitafuta pengo kubwa kati ya kipimo cha akili na matokeo ya masomo, na mtoto ilibidi asubiri hadi pengo hilo lipanuke ndipo asaidiwe. Tangu 2004 jimbo haliruhusiwi kuilazimisha shule kutumia njia hiyo, na shule zinaweza kuangalia mtoto anavyoitikia mafunzo ya ziada yanayotolewa hatua kwa hatua. Njia hii mpya ni nzuri, lakini nayo ina mtego wake. Mzazi anaomba tathmini, anaambiwa asubiri mtoto amalize kwanza miezi kadhaa ya mafunzo ya ziada, na miezi hiyo inageuka mwaka. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya serikali kuu iliziandikia idara za majimbo kwamba mafunzo hayo hayawezi kutumiwa kuchelewesha au kunyima tathmini. Mwaka 2015 ikaandika tena kwamba hakuna katazo la kutumia neno disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno na tahajia, katika nyaraka za mtoto, jambo ambalo baadhi ya shule zilikuwa zikilikana.

Kundi la matatizo mengine ya kiafya ni pana kuliko jina lake. Linamhusu mtoto ambaye nguvu, uhai wa mwili au umakini wake umepungua kwa sababu ya tatizo la kiafya la kudumu au la ghafla. Kanuni zinataja pumu, ADHD, kisukari, kifafa, magonjwa ya moyo, himofilia, sumu ya madini ya risasi, leukemia, ugonjwa wa figo, homa ya baridi yabisi, selimundu na hali ya Tourette, na orodha hiyo ni ya mifano tu. Kwa mzazi wa mtoto mwenye selimundu nasema kwa mkazo: maumivu yanayomlaza mtoto siku nyingi, uchovu wa baada yake, na masomo yanayopotea ni mambo yanayohusu elimu, na wala si habari za hospitali pekee. Leta rekodi za siku ambazo mtoto hakufika shuleni.

Ulemavu wa akili hauamuliwi kwa kipimo cha akili peke yake. Lazima pia mtoto aonekane ana upungufu katika stadi za maisha ya kila siku, kama kujihudumia, kuwasiliana na kushirikiana na watu, na hali hiyo iwe imejitokeza katika umri wa makuzi. Jina la zamani la kundi hili lilikuwa la kudhalilisha, na likaondolewa na sheria ya mwaka 2010. Mtoto ambaye nyumbani anapika, anawalea wadogo zake, anajua kuhesabu chenji na anasimulia hadithi vizuri kwa Kiswahili, kisha akapewa jina la ulemavu wa akili kwa sababu ya mtihani wa Kiingereza, amepimwa vibaya, na ni mzazi peke yake mezani pale anayeijua sehemu hiyo ya maisha yake.

Kundi la matatizo ya kihisia ndilo ninaloona linawatisha wazazi wetu zaidi. Sheria inataja dalili tano, na moja inatosha iwapo imedumu kwa muda mrefu, kwa kiwango kikubwa, na inaathiri elimu: kushindwa kujifunza kusikoelezeka kwa sababu za akili, hisi au afya, kushindwa kujenga au kudumisha mahusiano na wenzake na walimu, mwenendo au hisia zisizofaa katika mazingira ya kawaida, huzuni au sononeko lililotawala, na tabia ya kupata maumivu ya mwili au hofu kutokana na matatizo binafsi au ya shule. Mtoto aliyeshuhudia vita anaweza kuwa na dalili hizi bila kumpiga mtu wala kuvunja kitu. Anaweza kuwa ni yule anayekaa kimya nyuma ya darasa huku tumbo likimuuma kila asubuhi. Kundi hili halimaanishi kwamba mtoto ni mwendawazimu, wala kwamba malezi ya nyumbani yameshindikana.

Kuhusu usonji, kumbuka kwamba fasili ya shule si ile ya daktari. Shule hutafuta athari kubwa katika mawasiliano ya maneno na yasiyo ya maneno, na katika kuhusiana na watu, ambazo kwa kawaida huonekana kabla ya miaka 3, na zinazoathiri elimu. Mtoto aliyetambuliwa baada ya umri huo bado anaweza kuingia katika kundi hili.

Hatua ya tatu: omba tathmini kwa maandishi

Shule ina wajibu wa kuwatafuta na kuwatambua watoto wenye ulemavu katika eneo lake bila kungoja mzazi aombe, na wajibu huo unawahusu pia wanaohamahama na wasio na makao. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumkatalia mtoto kwa sababu hana hati za uhamiaji. Hata hivyo usikae ukingoja kutafutwa. Jimbo la Texas, kuanzia mwaka 2004, liliweka kipimo cha asilimia 8.5, kilichogeuka kama ukomo, katika ukaguzi wake wa idadi ya wanafunzi wa elimu maalumu, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya serikali kuu ikatoa uamuzi kwamba jimbo hilo lilikuwa limekiuka sheria, kwani watoto waliostahiki hawakutambuliwa.

Barua yako iwe fupi: jina la mtoto, darasa lake, maneno yanayosema kwamba unaomba tathmini kamili ya elimu maalumu katika maeneo yote unayoyahofia, na mifano mitatu au minne ya yale unayoyaona. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Ipeleke kwa mkuu wa shule au ofisi ya elimu maalumu ya wilaya, weka tarehe, na ubaki na nakala. Ombi la mdomo kwa mwalimu mlangoni husahaulika, na miezi sita baadaye huna cha kuonyesha.

Shule inaweza kukubali au kukataa, lakini kwa vyovyote inapaswa kukupa taarifa rasmi ya maandishi inayoeleza uamuzi wake na sababu zake. Ukiambiwa hapana kwa simu, omba taarifa hiyo kwa maandishi.

Hatua ya nne: toa idhini, kisha anza kuhesabu siku

Shule haiwezi kumfanyia mtoto tathmini ya kwanza bila idhini yako ya maandishi, na idhini hiyo si ridhaa ya kumwingiza katika elimu maalumu. Ile ni sahihi nyingine itakayoombwa baadaye. Sheria ya serikali kuu inatoa siku 60 za kukamilisha tathmini tangu siku ulipotoa idhini, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake. Texas, kwa mfano, huhesabu siku 45 za shule. Saa inaanza kwenda kwa idhini yako, na haianzi na barua yako ya maombi. Kwa hiyo fomu ikichelewa kukufikia, iulizie, na ikifika usiiache mezani.

Hatua ya tano: hakikisha mtoto anapimwa kwa haki

Hapa ndipo mengi huharibika. Tathmini haiwezi kutegemea kipimo kimoja. Mtoto anapaswa kupimwa katika maeneo yote yanayohusiana na ulemavu unaoshukiwa, na upimaji uwe mpana kiasi cha kufichua mahitaji yake yote, hata yale ambayo kwa kawaida hayahusishwi na kundi atakalowekwa. Vipimo vifanywe kwa lugha ya mtoto au njia yake ya mawasiliano, kwa namna itakayotoa picha ya kweli ya anachokijua, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani.

Kanuni ya lugha ina historia ya machungu. Katika kesi ya Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya California, iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 1970, watoto waliozungumza Kihispania walikuwa wamepimwa akili kwa Kiingereza na kuwekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Mtoto wa Kiswahili anaweza kukutwa na jambo hilo hilo leo, tena vipimo rasmi vilivyosanifiwa kwa Kiswahili ni adimu mno. Kwa sababu hiyo uliza mambo matatu mapema: mtoto atapimwa kwa lugha gani, nani atakayemkalimania, na ni nini kitakachotumika pamoja na vipimo vya Kiingereza. Kumchunguza darasani, kuzungumza na familia, kutumia vipimo visivyotegemea maneno, na kulinganisha Kiswahili chake na cha ndugu zake wa umri huo ni njia zinazokubalika. Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Likionekana katika Kiingereza tu, huenda mtoto anajifunza lugha mpya, na hana ulemavu wowote.

Sheria imeweka pia vizuizi. Mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ya uamuzi huo ni kukosa mafunzo yanayofaa ya kusoma au hesabu, au kutokujua Kiingereza vizuri. Vizuizi hivi vinawalinda watoto wetu wasibandikwe majina. Lakini nimeona pia vikitumiwa kinyume: mtoto mwenye ulemavu wa dhahiri anaambiwa asubiri miaka miwili "ajifunze Kiingereza kwanza". Hakuna kipindi cha kusubiri cha namna hiyo katika sheria ya serikali kuu. Mtoto anaweza kuwa mgeni wa lugha na pia kuwa na ulemavu, na shule ina kazi ya kutenganisha hayo mawili kwa tathmini.

Karatasi ya daktari ina nafasi yake hapa. Kikao kinapaswa kuizingatia, hasa kwa matatizo ya kiafya, hata kama haiwezi kuamua peke yake. Mwombe daktari aandike zaidi ya jina la ugonjwa: mtoto hukaa makini kwa muda gani, dawa zinamfanya asinzie saa ngapi, ni shughuli zipi zinamchosha.

Hatua ya sita: ingia kwenye kikao cha uamuzi ukiwa umejiandaa

Uamuzi wa kustahiki hufanywa na kundi la wataalamu pamoja na mzazi. Wewe ni mmoja wa waamuzi, hukualikwa kama msikilizaji. Una haki ya kupewa nakala ya ripoti ya tathmini na ya uamuzi bila malipo. Iombe kabla ya kikao, ili mkalimani akusomee kwa utulivu, na umwambie mwenyekiti mapema kwamba utahitaji mkalimani. Usikubali mtoto mwenyewe au dada yake akukalimanie. Si haki kumbebesha mtoto habari za aina hiyo, na maneno kama haya humshinda hata mtu mzima asiyeyazoea.

Kwenye kikao, usianze kubishania jina la kundi. Uliza kwanza kama wote mnakubaliana kuhusu picha ya mtoto: anachoweza, anachoshindwa, na kwa kiasi gani. Kisha uliza kundi lipi lilizingatiwa, masharti yake ni yapi katika jimbo lenu, na kila sharti limethibitishwa au kukataliwa na ushahidi gani. Majimbo hujaza fasili za serikali kuu kwa vigezo vyao, na hasa katika usonji na ugumu wa kujifunza tofauti ni kubwa. Hivyo omba kuona maandishi ya vigezo hivyo. Mwisho, lirudie swali la pili: anahitaji ufundishaji maalumu au hahitaji, na kwa nini. Vikao vingi hutumia saa nzima katika swali la kwanza na dakika tano katika la pili, ilhali kwa mtoto hilo la pili ndilo lenye uzito.

Hatua ya saba: jibu likiwa hapana

Una njia kadhaa, na si lazima uanze na iliyo kali zaidi. Kama mtoto ana ulemavu lakini haonekani kuhitaji ufundishaji maalumu, omba aangaliwe chini ya Kifungu 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Kifungu hicho hakina orodha ya makundi. Kinauliza kama tatizo la mwili au akili linazuia kwa kiasi kikubwa shughuli kubwa ya maisha, kama kusoma, kupumua, kutembea au kuwa makini. Mtoto anaweza kupewa muda wa ziada wa mtihani, nafasi ya kukaa mbele, au huduma ya muuguzi.

Kama huamini tathmini yenyewe, unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Shule ikishapokea ombi hilo ina mambo mawili tu ya kufanya bila kuchelewa: kulipia tathmini hiyo, au kufungua shauri kuthibitisha kwamba tathmini yake ilifaa. Inaweza kukuuliza sababu, lakini haiwezi kukulazimisha uitoe. Zaidi ya hapo kuna usuluhishi, ambao ni wa bure. Malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litendeke. Na shauri rasmi mbele ya msikilizaji huru, ambalo kwa kawaida lina ukomo wa miaka miwili. Kila jimbo lina kituo cha taarifa na mafunzo kwa wazazi kinachofadhiliwa chini ya IDEA. Wapigie simu kabla ya kumlipa wakili.

Hatua ya nane: jibu likiwa ndiyo, usiliache jina la kundi lipange huduma

Baada ya uamuzi wa kustahiki, kikao cha kuandika IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto huyo mmoja, hufanyika ndani ya siku 30. Kazi ya kundi inaishia hapa: limemwingiza mtoto, na halina mamlaka ya kuchagua huduma zake. Ukisikia "watoto wenye usonji huenda darasa lile" au "kundi hili halipewi tiba ya usemi", jua kwamba kauli hiyo ni kinyume cha sheria, kwa sababu mpango hufuata mahitaji ya mtoto. Sheria yenyewe haidai kwamba kila mtoto abandikwe jina la kundi, ilimradi ana ulemavu uliotajwa na anapata elimu yake; Iowa huwahudumia wanafunzi bila kuwapa majina hayo. Na katika kesi ya mwaka 2017 ya Endrew F., mwanafunzi mwenye usonji, Mahakama Kuu ilisema kwamba mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, si maendeleo madogo mno.

Kwa hiyo, kama shule na wewe mmekubaliana kuhusu mahitaji lakini mnatofautiana kama kundi liwe usonji au matatizo ya usemi na lugha, andika maoni yako yaingizwe katika kumbukumbu, na usizuie huduma kwa ajili ya jina. Pigania jina pale ambapo linapotosha, kwa mfano mtoto anapoitwa mwenye matatizo ya kihisia wakati tatizo hasa ni uziwi usiotambuliwa.

Huduma hazianzi bila sahihi yako ya pili, na unaweza kuiondoa idhini hiyo kwa maandishi wakati wowote. Tathmini hurudiwa angalau kila miaka mitatu, isipokuwa wewe na shule mkikubaliana kwamba haihitajiki. Ukihamia jimbo jingine, shule mpya inapaswa kumpa mtoto huduma zinazolingana na zile za awali wakati inaamua kama itampima upya kwa vigezo vyake. Beba mkononi nakala ya IEP na ya ripoti ya tathmini, kwa sababu kumbukumbu za shule huchelewa kufika.

Shule haiwezi kumwondoa mtoto katika elimu maalumu kwa kuona tu kwamba amepata nafuu. Lazima impime kwanza. Hali ni tofauti mtoto anapohitimu sekondari kwa cheti cha kawaida, kwani cheti hicho hukomesha haki yake hapo hapo, bila tathmini, hata kama ana miaka 18 na angeweza kuendelea hadi ukomo wa umri wa jimbo lake. Cheti cha mahudhurio hakina athari hiyo. Mzazi wa kijana anayekaribia kumaliza aulize mwaka mmoja kabla ni cheti kipi kinachoandaliwa, na kama kijana wake bado ana stadi za kazi au za kujitegemea ambazo shule ina wajibu wa kumfundisha.